Mvule au saipresi kwa boriti ya bawa? Najenga Jodel D9 hapa Kisumu

seremala_dunga (Kisumu)

Habari zenu wadau. Mimi ni seremala, banda langu liko karibu na soko la Kibuye, na kazi inayonilisha ni vitanda na milango. Baba yangu alikuwa akijenga mashua za wavuvi pale Dunga kabla sijazaliwa, na randa ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa yake. Kwa miaka miwili sasa, kila jioni nikimaliza kazi za wateja, najenga ndege.

Ni Jodel D9, ndege ya mtu mmoja, mbao mwanzo hadi mwisho ukiondoa injini na vyuma vya kufungia. Michoro niliinunua, sikunakili ya mtu. Iliundwa Ufaransa na Édouard Joly na Jean Délémontez, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1948, na jina lenyewe limeunganishwa kutokana na majina yao. Niliipenda kwa sababu nilipoukunjua mchoro niliona vitu ninavyovijua: vibao vyembamba, gundi, plaiwudi, na kipimo kinachotaka subira.

Mbavu za bawa, vile vipande vinavyolipa bawa umbo lake, zimekwisha. Vijiti vyake vya sprusi, mbao nyepesi inayotumika kujengea ndege, vililetwa na ndugu aliyetoka Uingereza, vikiwa vimefungwa ndani ya bomba la plastiki. Nilivigundisha, ubavu mmoja baada ya mwingine, juu ya ubao uliopigiliwa vizuizi, ili kila ubavu utoke sawa na wenzake. Nikizipanga zote pamoja na kupitisha kidole juu ya mgongo wake, sisikii ngazi hata moja.

Sasa nimefika kwenye boriti ya bawa na hapo nimekwama miezi minne. Boriti ya D9 ni moja tu, ya sanduku (ubao wa juu na wa chini, ubavuni plaiwudi), inatoka ncha hadi ncha, karibu mita 7. Banda langu ni mita 5 na nusu. Hilo nimelitatua, jirani wa kuchomelea vyuma amekubali tutoboe ukuta wa mabati ulio kati yetu. Tatizo ni mbao. Sprusi ya urefu huo bei yake na usafiri wake vimenishinda. Kwa hiyo naomba mnisaidie:

Je, naweza kutumia mvule, mti ninaoujua tangu utotoni? Au saipresi? Pili, mchoro unaonyesha ubao wa juu wa boriti mnene kuliko wa chini. Ni kosa la mchoraji? Tatu, gundi nyeupe ya vitanda inashika sana, kwa nini watu wanaikataa kwenye ndege?

Nimejaribu jambo moja. Niligundisha vipande viwili vya mvule kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, nikaviacha siku mbili kwenye klampu, kisha nikapiga nyundo ya mti. Viliachana palepale kwenye gundi, nyuso zote mbili zikibaki safi, zinang'aa kama kioo. Nilipofanya vivyo hivyo na saipresi, mbao yenyewe ndiyo iliyochanika. Usiku huo sikulala vizuri.

mstaafu_lanet (Nakuru)

Kijana wangu, umefanya vizuri kuvunja kabla ya kujenga. Mimi nilikuwa fundi wa ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa miaka 31, sasa nafuga kuku hapa Lanet, na swali lako limenifanya niache chai ipoe.

Nianze na mchoro. Haujakosea. Ndege ikiwa angani bawa linasukumwa kwenda juu, ncha zinataka kujikunja kuelekea mbinguni. Ubao wa juu wa boriti unabanwa, wa chini unavutwa. Mbao huvumilia kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo upande unaobanwa huongezewa unene. Usije ukaigeuza boriti chini juu siku ya kufunga! Andika JUU kwa kalamu nzito tangu leo.

Gundi nyeupe hushika, ndiyo, lakini chini ya mzigo wa kudumu huteleza polepole. Kitanda kikiteleza nusu milimita hakuna ajuaye. Boriti ikiteleza, bawa limeshabadilika umbo. Kwa ndege kuna epoksi ya ujenzi wa ndege na kuna resosinoli, ile inayoacha mstari mwekundu uliokolea. Resosinoli haiogopi maji wala joto, ila inataka viungo vilivyobana kabisa, klampu za kutosha, na joto la nyuzi 21 kwenda juu. Kisumu joto hilo unalo bure. Mimi hapa Nakuru usiku nililazimika kufunika kazi kwa turubai na kuwasha balbu ndani. Epoksi husamehe kiungo chenye nafasi kidogo, lakini hulegea ikipata joto kali, na bawa lenye rangi nyeusi kwenye jua letu huchemka. Ukitumia epoksi, paka ndege nyeupe.

Sasa mbao. Mvule achana nao. Uzito wake ni kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, sprusi ni kama 430. Hiyo ni mara moja na nusu, na ndege yako nzima ikiwa na wewe ndani haitakiwi kupita kilo 320 hivi. Juu ya hilo umeona mwenyewe ulivyoikataa gundi.

Saipresi si mbao mbaya, ila ya mashamba yetu imekua haraka, ina vifundo, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya michoro yako. Mchoro uliandikwa kwa mbao fulani. Ukibadilisha mbao umebadilisha ndege, na hesabu zote zinarudi kwako. Saipresi jengee meza ndefu ya kuundia boriti, na uifanyie mazoezi ya viungo mpaka mikono izoee.

Nikueleze kwa nini nakaza hivi. Zamani nililetewa ndege ya mbao iliyokuwa imesimama nje misimu kadhaa ya mvua. Kwa nje ilikuwa nzuri, rangi mpya. Tundu la kutolea maji chini ya bawa lilikuwa limezibwa na hiyo rangi. Tulipofungua kitambaa kilichofunika bawa, niliingiza ukucha kati ya plaiwudi na boriti, ikaachana bila kelele, kama ganda la ndizi. Gundi yake ilikuwa ya kizamani, ya maziwa, na ukungu ulikuwa umeila. Mwenyewe alikuwa amepanga kuruka Jumapili.

Watu wakikucheka kwamba mbao hairuki, waambie Beryl Markham, aliyekulia Njoro hapa jirani, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kwa Percival Vega Gull, na hiyo ilikuwa ndege ya mbao.

mwana_wa_usenge

Omera, mzee wa Nakuru amesema kweli kuhusu mvule. Sisi huku tunajengea mashua na tunaupenda kwa sababu hauozi, lakini una mafuta yake, na ndani yake kuna mawe. Si mfano, ni mawe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Nimeshapoteza meno ya msumeno mara nyingi. Baba yako anajua.

La kwangu ni jinsi ya kusoma mbao. Sisi huangalia mstari wa nyuzi kwa jicho, lakini jicho hudanganyika kwa sababu michirizi unayoiona si lazima iwe ndiyo nyuzi. Chukua wino wa kalamu, dondosha tone moja juu ya uso uliopigwa randa. Wino utakimbia kufuata nyuzi zenyewe. Ukikimbia sambamba na ukingo, chukua. Ukienda kombo, rudisha.

mstaafu_lanet (Nakuru)

Hilo la wino ndilo nililofundishwa na mimi. Kipimo cha ndege ni 1 kwa 15: katika sentimita 15 za urefu, nyuzi zisipotoke zaidi ya sentimita 1. Kisha zima taa, washa tochi uilaze karibu na uso wa mbao. Ukiona mstari mwembamba unaokatiza nyuzi, kama mkunjo wa ngozi, mti huo ulijeruhiwa ulipoangushwa au na upepo. Tupa ubao huo hata kama ulikugharimu mshahara.

Kuhusu urefu: nani alikwambia lazima ununue mita 7 nzima? Agiza vipande vya mita 3 uviunge kwa mshazari, yaani ncha zikatwe kwa mteremko wa 1 kwa 12 na kugundishwa moja juu ya nyingine. Ubao wa unene wa sentimita 2 unapata mteremko wa sentimita 24. Viungo vya ubao wa juu na wa chini visikutane mahali pamoja. Mtoto wa mjenga mashua hapaswi kuogopa mshazari.

mwalimu_kakamega

Kaka, nafundisha fizikia na nimekufuatilia tangu ulipoweka picha ya mbavu. Naomba niongeze hesabu mbili.

Ya kwanza ni injini. Umewahi kusema utatumia ya Volkswagen. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa yake ni nyepesi kama ya mita 1,900 hivi katika hali ya kawaida, na injini isiyo na kipulizo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Bawa na propela nazo zinapata hewa nyepesi ileile. Kwa hiyo kila gramu unayoiacha nje ya boriti ni mita za njia ya kurukia. Ruka alfajiri.

Ya pili ni kupima bawa kwa mchanga. Geuza bawa chali, kwa sababu mchanga unasukuma chini na hewa inasukuma juu. Tuseme bawa lina kilo 60. Ondoa kwenye 320, zinabaki 260. Zidisha kwa 3.8, yaani mara ngapi ya uzito bawa linatakiwa kuhimili angani, unapata kilo 988, karibu magunia 50 ya kilo 20. Panga mengi karibu na kiti na machache nchani. Pima ncha imeshuka kiasi gani, ondoa mchanga, pima tena. Isiporudi pale ilipoanzia, kuna kitu ndani kimevunjika.

mstaafu_lanet (Nakuru)

Mwalimu, hesabu yako safi, lakini hapo natofautiana nawe. Akifuata mchoro na mbao ya mchoro, bawa hilo lilishapimwa na waliolibuni. Kulibebesha tani nzima kunaweza kuliumiza mahali asipopaona, kisha akaruka nalo. Mimi ningevunja vipande vya majaribio, kimoja kwa kila koroga ya gundi, na kuandika tarehe juu yake.

mwalimu_kakamega

Nakubali kuhusu vipande, mzee wangu. Kama atabadilisha mbao hata kidogo, bado ningesisitiza mchanga.

mstaafu_lanet (Nakuru)

Akibadilisha mbao nitakuja Kisumu mwenyewe kubeba magunia.

Na kijana, andikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga sasa, kabla ya kufunga boriti. Usingoje ndege iishe ndipo uwaambie. Acha upande mmoja wa sanduku wazi mpaka jicho lisilo lako lichungulie ndani. Ukishafunga plaiwudi ya pili, hakuna atakayeona tena gundi yako.

seremala_dunga (Kisumu)

Wazee wangu, mwalimu, omera wa Usenge, nimekaa wiki tatu bila kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya mliyosema.

Wino: kati ya mbao sita za saipresi nilizokuwa nazo, mbili tu zilinyooka. Moja niliyoiamini kuliko zote wino wake ulikwenda kombo kabisa.

Unyevu: nilikata kipande cha gramu 62 kutoka kwa ubao nilioambiwa umekaushwa barabara. Mama wa mikate Kondele aliniruhusu nikiweke kwenye oveni yake baada ya kazi, moto mdogo. Nilikipima kila saa hadi kikasimama kwenye gramu 54. Gramu 8 juu ya 54, karibu asilimia 15, na michoro inataka 8 hadi 12. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia.

Plaiwudi ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nimenunua karatasi mbili zilizouzwa kama za mashua. Nilichemsha kipande kwenye sufuria kwa muda wa saa tatu. Kilifunguka kama daftari lililolowa, tabaka moja baada ya nyingine. Hizo karatasi zitakuwa migongo ya makabati, na plaiwudi ya boriti nitaiagiza pamoja na sprusi.

Ndiyo, nimeamua sprusi, vipande vya mita 3. Nimepiga hesabu, bei imeshuka karibu nusu ukilinganisha na mbao ndefu, kwa kuwa usafiri ndio uliokuwa ukiniua. Barua ya Mamlaka nimeipeleka, na nakala yake iko kwenye faili pamoja na picha za mbavu. Ukuta wa mabati tumeutoboa. Meza ya saipresi imesimama, mita 7 na nusu, na pimamaji inatulia katikati kila ninapoiweka.

Jana baba alikuja kuangalia mshazari wangu wa kwanza wa mazoezi. Hakusema kitu muda mrefu. Alivaa miwani, akapitisha ukucha juu ya mstari wa gundi kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama mahali pamoja, akarudisha ukucha nyuma. Akaniambia nirudie. Mahali hapo patasi yangu ilikuwa imechimba kidogo, unene wa karatasi labda.

Nimerudia leo. Kiko kwenye klampu, kimeandikwa tarehe. Jumamosi nitakivunja mbele yake, na nitawawekea picha ya mpasuko hapa.