Naacha gari miezi mitatu na ushee Kigamboni, naiandaaje nisije kukuta mzoga?

mtu_wa_feri
Habari za mchana wakuu. Mwezi wa tatu mwanzoni naenda Muscat kwa dada, likizo nimelimbikiza na nimeomba nyingine bila malipo juu yake, kurudi ni katikati ya mwezi wa sita. Gari ni Premio ya petroli ya kawaida tu, inabaki nyumbani ndani ya geti ila banda hakuna, inakaa chini ya mwembe. Plani yangu nimwachie shemeji funguo awe anaiwasha kila jumamosi dakika kumi alafu anazima. Sasa jamaa mmoja kazini ananiambia bora nichomoe betri niiache tu, mwingine anadai ukichomoa betri kontroli boksi (kompyuta ya gari) inasahau kila kitu na gari inaanza kusumbua. Nimfuate nani? Na masika yote itaipigia hapo hapo. Msiniambie niuze tafadhali.

Spana Kumi
Mkuu hiyo ya dakika kumi ifute kabisa. Kupiga staata kunakula chaji ya kutosha, na dakika kumi za gari kuunguruma imesimama alteneta haijarudisha cha maana, kwaiyo kila jumamosi unapunguza tu. Alafu injini haipati moto wa kukausha ule unyevu, maji yanabaki kwenye ekzozi na mengine yanaingia kwenye oili. Chaguo ni mbili: aiendeshe barabarani nusu saa hivi injini ipate moto sawasawa, au uchomoe betri uiache ilale. Katikati hapo hakuna kitu.

Mama Wawili
Tatizo hapo sio gari ni shemeji 😂 ukimwachia funguo mpaka mwezi wa sita jua inapiga misele hadi Mbagala na harusi zote za mtaa inapeleka maharusi. Muulize pia kama ana leseni na uangalie bima yako ni ipi, maana kama una ile ndogo gari yako mwenyewe ikigongwa na shemeji au ikiibwa hapo getini hulipwi kitu, ile inalipa wa upande wa pili tu.

mtu_wa_feri
Mama Wawili umenichekesha ila umenifikirisha, leseni hana. Sawa tuseme nachomoa, je traka? Nimefunga traka ya GPS.

Spana Kumi
Traka ndio inayokuulia betri wewe, hiyo na alamu zinanyonya kidogo kidogo usiku na mchana gari imezimwa. Ukichomoa betri traka itaishi kwa kibetri chake cha ndani muda mfupi alafu inakata, kwaiyo amua unaogopa nini zaidi, mwizi au betri kufa. Kama geti lina mlinzi mi ningechomoa. Spana namba kumi, legeza teminali ya hasi peke yake, ivishe kitambaa uisukume pembeni isirudi kugusa. Na habari ya kontroli boksi kusahau wanakutisha tu, siku ukirudisha betri sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) itapanda na kushuka kidogo, utaendesha itakaa sawa, redio utaseti saa basi. Ila kabla hujachomoa hakikisha vioo vyote viko juu, na baada ya hapo rimoti haifanyi kazi, mlango unafunga kwa funguo.

kunguru_wa_pwani
Mmesahau mwembe nyie. Toa gari hapo chini. Sio utomvu na kinyesi cha kunguru tu (ingawa hicho kinakula rangi, kikikaa wiki kadhaa juani hakitoki hata kwa polishi), shida ni majani. Fungua boneti angalia pale chini ya waipa kuna mfereji na vitundu vya kutolea maji, majani ya mwembe yakiziba pale mvua za mwezi wa nne maji yanakosa pa kwenda yanaingia ndani, unarudi unakuta kapeti ya upande wa abiria inatoa uyoga. Kava pia usiweke lile la nailoni, kwa joto na chumvi ya huku linafuga unyevu, tafuta la kitambaa linalopumua na gari iwe imeoshwa na kukauka kabisa kabla ya kuvalishwa.

dogo wa tairi
upepo jaza mpaka PSI 40 hiv ila usipite namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ikikaa na upepo mdogo inabonyea sehemu moja ukirudi usukani unatetemeka. hendibreki USIVUTE inaganda, weka P alafu chomeka tofali mbele na nyuma ya tairi

Spana Kumi
Naunga mkono. Na kama kwenye rejeta umeweka maji ya bomba mwaga uweke kulanti, oili kama imekaribia muda badilisha kabla hujaondoka, isikae na uchafu wake. Tanki jaza, likiwa nusu ile nafasi tupu inafuga unyevu.

Mama Wawili
Na panya jamani. Toa makombo yote ya chipsi na karanga za watoto chini ya siti. Shemeji mpe kazi hii, kila wiki afunue boneti achungulie, funguo ya gari hiyo kazi haihitaji si anafungua boneti mkimwacha na mlango mmoja wazi?

kunguru_wa_pwani
Mlango wazi tena 😂 mpe funguo, betri si imechomolewa, ataendea nini?

Mama Wawili
Spana namba kumi bei gani dukani?

mtu_wa_feri
Basi nimeelewa. Nachomoa hasi, gari inahamia ukutani mbali na mwembe, na funguo anakaa nayo bi mkubwa sio shemeji. Asanteni sana wakuu.

aqua_nyeupe
Samahani nadandia uzi, na sisi wa haibridi je?

Spana Kumi
Haibridi usiiache miezi mingi hivyo bila kuwashwa, lile betri kubwa nalo linashuka. Tafuta mtu wa kuaminika, kila baada ya mwezi au miwili aiwashe mpaka iandike READY kwenye dashibodi aiache hivyo nusu saa, na kibetri cha volti 12 ukikagulishe kabla ya safari maana kikifa hicho hata kuwaka haiwaki.