Gerstner la mwaloni au Kennedy la bati?

Kerezo_Dayton: Wakuu, niko hapa Dayton, Ohio. Kesho wanauza vyombo vya marehemu fulani, kuna masanduku mawili ya zana. La mwaloni wanadai limetengenezwa na kampuni ya Gerstner, la bati la kahawia na kampuni ya Kennedy. Nichukue lipi?

MamaSpana: Bei? Picha? Kitasa kimeandikwa nini? Unatuuliza tukiwa gizani.

Kerezo_Dayton: Samahani dada. Mwaloni dola 180, bati 60. Kitasa cha mwaloni kina EAGLE LOCK CO. Kumbe si Gerstner?

BisibisiBapa: Kitasa hakisemi sanduku limezaliwa wapi. Eagle wa Terryville, Connecticut, waliwauzia vitasa watengenezaji wengi. Tazama skrubu za bawaba. Ukikuta za nyota kwenye sanduku la "1920", ujue kuna mtu kalichokonoa. Hataza za Phillips, za hizo skrubu za nyota, ni za 1936.

MzeeTindo: Mimi yalinikuta. Nilitoa dola 250, muuzaji anaapa kila kitu ni cha asili. Kufika nyumbani, droo ya tatu inakwama. Naigeuza: chini ni plaiwudi mpya, imepakwa majani ya chai ifanane na zenzake. Vifundo vya droo, vinne ni nikeli, vile vyenye umanjano kwa mbali. Vitatu kromu, vinarudisha mng'ao wa bluu. Mpini wa juu umetoka kwenye sanduku la nguo, na pembeni yake matundu ya zamani yamezibwa kwa nta. Mke wangu analiita Umoja wa Mataifa hadi leo.

MamaSpana: 😂 Pole mzee. Ndiyo maana nasema Kennedy. Limetoka Van Wert, humo humo Ohio, na bati halipakwi chai.

BisibisiBapa: Bati linakula kutu. Na Gerstner lina ile droo ya katikati ya kuwekea Machinery's Handbook, kitabu cha mafundi mitambo.

MamaSpana: Nani bado anafungua hicho kitabu? Simu ipo.

BisibisiBapa: Simu, na vidole vimejaa grisi?

MamaSpana: Kitabu nacho hakishiki grisi?

Kerezo_Dayton: Jamani, nimetoka kuliangalia tena. Bawaba ya kushoto ina skrubu mbili za nyota. Ya kulia zote za mfuo mmoja.

MzeeTindo: Basi hiyo 180 ishuke. Droo umezigeuza?

Kerezo_Dayton: Mbili za juu tu, mzee. Ya tatu imekwama.