Mjadala: Podikasti za filamu na gemu zikipokea nakala za bure, tuendelee kuziamini?

Mleta mada:
Wakuu, nina hoja nataka tuijadili bila kuoneana haya. Wengi wetu siku hizi hatununui gemu wala kuanza tamthilia mpya mpaka tusikie podikasti tunayoipenda imesema nini. Watangazaji hao wengi wao hupewa gemu kabla haijaingia sokoni, hualikwa kutazama filamu kabla ya uzinduzi, na hupangiwa mahojiano na waigizaji. Msimamo wangu ni huu: nakala ya bure yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye masharti yanayokuja nayo. Masharti hayo mtangazaji ayataje kwa sauti yake mwenyewe, mwanzoni mwa kipindi, kabla hajatoa hukumu. Kama hawezi kuyataja, aikatae nakala na asubiri kununua kama sisi.

Nasisitiza sauti kwa sababu ipo. Gemu ya Shadow of Mordor ilipotoka mwaka 2014, Warner Bros., kampuni iliyoitoa, iliwalipa watu maarufu wa YouTube, PewDiePie akiwemo, kuanzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu. Walitakiwa waisifu na wasioneshe hitilafu zake. Udhamini ulitajwa, ndiyo, lakini kwenye maelezo ya chini ya video, mahali ambapo mtazamaji asipobofya haoni kitu. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliifungulia kampuni hiyo mashtaka, na kesi ikaisha kwa makubaliano kwamba udhamini usifichwe tena namna hiyo.

Sasa hamishia jambo hilo kwenye podikasti. Msikilizaji anaosha vyombo au yuko njiani, simu iko mfukoni. Maelezo ya kipindi atayasoma saa ngapi? Mwongozo wa FTC uliorekebishwa mwaka 2023 unataka sifa zikitolewa kwa sauti, na taarifa ya udhamini itolewe kwa sauti. Huo ni mwongozo wa nchi moja, ila mantiki yake inafaa popote.

Tena malipo si lazima yawepo ili msikilizaji apotoshwe. Kumbukeni gemu ya Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Wahakiki walipewa nakala za kompyuta peke yake, na kabla ya gemu kutoka waliruhusiwa kuonesha picha za video zilizotolewa na kampuni tu, si walizorekodi wenyewe. Waliosema wazi kwamba toleo la mashine za gemu za PlayStation 4 na Xbox One hawajaligusa walitutendea haki. Aliyeisifu kwa jumla bila kutaja hilo alimpeleka msikilizaji kununua kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijaribu. Matoleo hayo yalikuwa na matatizo kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, iliiondoa gemu kwenye duka lake siku chache baada ya kutoka, na haikuirudisha mpaka Juni 2021.

Mchangiaji 1:
Mkuu, heshima kwako, lakini hapo kwenye "aikatae na asubiri" unawaua wadogo. Podikasti ya watu wawili wenye maikrofoni moja inashindana na vituo vyenye waajiriwa. Watu wanatafuta kipindi siku ileile gemu inapotoka. Wiki mbili baadaye mazungumzo yamekwisha, watu wamehamia kwingine. Ukimnyima mdogo nakala ya mapema, unabaki na wakubwa peke yao, na hao ndio wenye matangazo ya kampuni hizohizo.

Halafu mfano wako una upande wa pili ambao hukuutaja. Mwandishi wa jarida la gemu la Game Informer aliyepewa Cyberpunk mapema aliugua akiwa anaicheza, kwa sababu ya mimweko ya taa kwenye sehemu fulani ya gemu. Siku tatu kabla haijatoka akaandika onyo kwa wenye kifafa. Kampuni ikaongeza tahadhari ndani ya gemu. Bila nakala ya mapema, onyo hilo lingewafikia watu wakiwa tayari wameshika vidhibiti mkononi. Kwa hiyo nakala za mapema zina kazi ya kulinda watu pia, na mimi naogopa kanuni yoyote itakayozipunguza.

Mchangiaji 2:
Mimi nasimama mbali zaidi na mleta mada. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Anayepewa ataanza kupima maneno hata kama hakusaini sharti lolote, maana anajua mwakani kuna gemu nyingine na orodha ya wanaopewa inapangwa upya. Shinikizo hilo halina karatasi utakayoisoma hewani.

Mnamkumbuka mhakiki wa gemu Jeff Gerstmann? Novemba 2007 alifukuzwa kwenye tovuti ya gemu ya GameSpot baada ya kuipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, wakati tovuti yenyewe ilikuwa imejaa matangazo ya gemu hiyo. Alikuja kueleza kisa kizima hadharani mwaka 2012. Mwaka 2008 alikuwa ameshaanzisha tovuti ya gemu ya Giant Bomb pamoja na wenzake, na podikasti yao ikawa miongoni mwa zinazosikilizwa sana na wapenda gemu. Mwaka 2022 akaondoka huko pia, akaanza podikasti yake inayolipiwa na wasikilizaji kupitia Patreon, jukwaa la mtandaoni la kuwachangia watengeneza maudhui. Kwangu njia ni hiyo. Msikilizaji alipe, mtangazaji anunue gemu dukani, na mambo ya mialiko yaishe.

Mchangiaji 3:
Mchangiaji 2, wasikilizaji wanaolipa nao ni mabosi, tena wakali. Podikasti iliyojengwa juu ya mashabiki wa mfululizo mmoja wa filamu ikisema filamu mpya ni mbovu, wanaolipa wanaondoka usiku huohuo. Studio ikikasirika inakunyima mwaliko. Mashabiki wakikasirika wanakunyima chakula, na baadhi yao wanakutukana.

Yule mwandishi wa Game Informer, mnajua alipata nini kwa onyo lake? Watu walimtumia video za mimweko kwa makusudi ili augue tena. Hiyo haikutoka kwa kampuni. Ilitoka kwa mashabiki ambao hata gemu yenyewe hawakuwa wameicheza. Kwa hiyo tusiseme fedha ya msikilizaji ni safi kwa sababu tu ni ya msikilizaji.

Mchangiaji 4:
Kwa upande wa filamu, mgomo wa waigizaji wa Marekani mwaka 2023, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, ulitufunulia mengi. Waigizaji hawakuruhusiwa kunadi kazi za studio zilizogomewa, na chama chao, SAG-AFTRA, kiliwaonya watu wa mitandaoni kwamba atakayezifanyia promosheni hatapokelewa uanachama baadaye. Podikasti zilizozoea wageni mashuhuri kila wiki zilibaki bila mgeni. Zilizokuwa na la kusema kuhusu filamu zenyewe ziliendelea vizuri, zikarudi kwenye filamu za zamani, uandishi, uhariri. Mimi tangu hapo nikichagua podikasti najiuliza kama ingeweza kuishi miezi minne bila mwaliko.

Mleta mada:
Nimewasoma wote, asanteni.

Mchangiaji 1, sikusema wadogo wasipokee. Nimesema wataje. Sentensi moja inatosha: "Tumepewa gemu hii na kampuni, toleo la kompyuta tu, na tumekatazwa kuzungumzia sehemu ya mwisho." Inachukua sekunde kumi na haigharimu chochote. Na mwandishi yule unayemtaja anaiunga mkono hoja yangu: alipewa nakala, akasema hadharani jambo ambalo kampuni isingependa lisikike wiki ya uzinduzi. Nakala haikumfunga mdomo.

Mchangiaji 2, kununua kila kitu dukani kunawezekana kwa Gerstmann kwa sababu watu walikuwa wanamjua kwa miaka mingi kabla hajaanza peke yake. Anayeanza leo hana wa kumlipia. Lakini hilo la woga wa kuondolewa kwenye orodha ni kweli, na ndiyo sababu nataka pia mtangazaji akinyimwa nakala baada ya kuponda gemu, aseme amenyimwa. Tukisikia hivyo mara kwa mara, tutaijua kampuni inayoadhibu wakosoaji.

Mchangiaji 3, kanuni yangu haifiki kwenye suala la mashabiki. Kampuni unaweza kuitaja kwa jina, umati huwezi. Ninachokiona pale ni kwamba wanaolipa wapewe haki ya kuchagua kitakachojadiliwa, wapige kura hata kila mwezi, lakini hukumu isiwe yao. Na sisi tunaolipa tuache kujitoa kwa sababu tu filamu tunayoipenda imesemwa vibaya.

Sasa nawageukia wenye podikasti mliomo humu, maana nyinyi ndio mnayapokea hayo masharti. Mlipopewa nakala au mwaliko, mlikatazwa kusema nini hasa? Msitaje kampuni kama mnaogopa. Tajeni katazo.