Mombo–Lushoto, Muheza–Amani au Kidatu–Ifakara: ipi kwa baiskeli ya mbio?

TairiNyembamba
Wadau, habari za saa hizi. Likizo yangu inaangukia mwisho wa Agosti na nina baiskeli ya mbio ambayo mpaka sasa kazi yake ni Dar–Bagamoyo alfajiri, kwenda na kurudi, tambarare tupu. Nimechoka na tambarare. Nataka milima, nataka msitu, na mto niusikie nikiwa njiani. Nimebakiza njia tatu: kupanda Lushoto kutokea Mombo, kwenda Amani kutokea Muheza, au kuambaa na milima ya Udzungwa toka Kidatu hadi Ifakara. Tairi zangu ni za milimita 25, breki za kubana rimu, gia meno 39 mbele na 25 nyuma. Waliopita huko naomba mnipe ukweli, picha za Instagram nimeziona za kutosha.

MsambaaWaSoni
Karibu nyumbani. Mombo–Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami mwanzo mwisho, na unapanda takriban mita 1,000. Ila usigawanye hizo mita sawasawa kwa kilomita ukadhani ni mwinuko wa mtoto. Kupanda karibu kote kunaishia Soni, ambako ni kama nusu ya njia. Ukitoka tu Mombo unaingia korongoni, mwamba mkono mmoja, bonde mkono mwingine, na mto uko chini yako unanguruma muda wote. Maji hayo hayo yanateremka kwenda mto Mkomazi na hatimaye Pangani. Kona zinafuatana, hakuna sehemu ya kupumzisha miguu mpaka uyaone maporomoko ya Soni, na huwezi kuyakosa, yako kando ya barabara. Pale simama. Kina mama wanauza plamu na mapeasi kwenye vindoo vidogo, kunywa chai, kisha endelea. Soni hadi Lushoto barabara inapanda na kushuka kwa upole, utacheka.

Barabara ilipasuliwa enzi za Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, ndiyo maana ni nyembamba. Dereva wa Coaster akikaribia kona anapiga honi. Ukisikia honi kaa kushoto kabisa, usibishane naye.

KonaKali
Kila mtu anaongelea kupanda. Kupanda Lushoto hakujaumiza mtu, utachoka, utashuka, utasukuma, basi. Muulizeni habari ya kurudi. Kilomita 17 za mteremko, lami nyembamba, Fuso imejaa kabichi nyuma yako nayo inatafuta breki kama wewe. Kuna kona unaingia kwenye jua unatokea kivulini, na kivulini kuna mchanga au maji yaliyochuruzika kutoka mlimani. Kwa breki za rimu mimi nisingekushauri uanzie hapo. Kidatu–Ifakara ni lami nzuri, salama, unaona milima bila kuipanda.

MsambaaWaSoni
Kona, sasa mtu amesema amechoka na tambarare wewe unampeleka tambarare?

BondeLaKilombero
Mnapaita tambarare kana kwamba ni uwanja wa mpira. Ngoja niwaeleze wenyeji tunavyopaona.

Anzia Mikumi mjini, siyo Morogoro, maana katikati hapo barabara kuu inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi na si mahali pa kukutana na tembo ukiwa na kofia ya plastiki tu. Mikumi hadi Kidatu kuna vilima vya kutosha kukutoa jasho. Kidatu unavuka Ruaha Mkuu, kituo cha umeme kiko hapo hapo. Ukishavuka, ukuta wa Udzungwa unasimama mkono wako wa kulia na hauondoki. Msitu umeshuka mpaka karibu na mashamba, vijito vinatoka mlimani vinapita chini ya barabara kimoja baada ya kingine, na hewa ya kila daraja ina ubaridi wake. Mang'ula ndiko lango la hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Ukilala hapo, kesho yake unaacha baiskeli unapanda Sanje kwa miguu. Maporomoko yana mita 170 na ukipata bahati unamwona mbega mwekundu, yule ambaye duniani kote anapatikana huku kwetu tu.

Ubaya wake nao nausema. Joto: uko mita 300 hivi juu ya bahari, saa nne asubuhi unaanza kuiva. Na Agosti ni msimu wa kuvuna miwa. Trekta zinavuta matela marefu, mengine hayana taa, na vipande vya muwa vinadondoka barabarani. Kipande cha muwa kilichokanyagwa na gari kinateleza kuliko ganda la ndizi. Kona alisema salama, mimi nasema salama mpaka saa tatu asubuhi.

MkaziWaZigi
Nimesubiri mtu aitaje Amani, naona mnaikwepa. Sawa, naisema mimi, na ninaisema kwa uchungu kwa sababu kwa vigezo vyako vitatu ndiyo inayoongoza kwa viwili.

Msitu? Hakuna wa kushindana naye katika hizo tatu. Kuanzia geti la Zigi unapita chini ya miti tu, kwenye uwazi mwanga unashuka wa kijani, unanusa iliki na mdalasini za wanakijiji kabla hujaziona. Mto? Zigi ndio unaowanywesha Tanga mjini. Historia? Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani mwaka 1902, miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia bado imesimama, mingine imegeuka kero: mhesi umeenea msituni mpaka unazisukuma mbegu za asili. Juu kabisa unatokea kwenye mashamba ya chai. Na maua yale madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayafuga madirishani asili yake ni milima hii hii.

Sasa lami. Haipo huko juu. Ni udongo mwekundu na mawe. Na msidanganyike na neno kiangazi, Amani mvua inanyesha karibu kila mwezi. Ule udongo ukilowa unapanda na tairi, unajaza nafasi kati ya tairi na breki, gurudumu linakataa kuzunguka. Utachokonoa kwa kijiti, utaenda hatua ishirini, utachokonoa tena. Nimeshuhudia vijana wa baiskeli nyembamba wakiishia kuzibeba begani huku kina mama wenye mizigo ya ndizi kichwani wanawapita. Kwa tairi za 25, usije. Tafuta baiskeli yenye tairi za 40 kwenda juu, uje wakati wowote, nitakupokea mwenyewe.

KerioMpakaJuu
Wakuu salamu kutoka Iten, Kenya. Najua hamjaniuliza, lakini mtu anayetafuta mlima, mto na lami kwa pamoja anakosaje kutajiwa bonde la Kerio? Unatoka Iten, mita 2,400, unateremka kupitia Tambach mpaka sakafu ya bonde, zaidi ya mita elfu moja chini. Ukifika Chebloch, mto Kerio umejibana kwenye mwamba mwembamba chini ya daraja na vijana wanajirusha majini kutoka juu ukiwapa kitu kidogo. Halafu unaanza kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita elfu nyingine. Lami yote. Msitu kidogo, hilo nakubali, bonde ni kavu, miiba tu. Msitu uko juu, upande wa Kaptagat.

TairiNyembamba
@KerioMpakaJuu hiyo ni safari ya mwaka ujao, nikiwa na miguu mingine. Asante sana.

@MkaziWaZigi umenikatisha tamaa vizuri. Amani imetoka. Sasa Lushoto au Kilombero. Mwingine kanitumia ujumbe pembeni ananiambia niende mlima Kitonga, vipi?

KonaKali
Kitonga ni barabara ya malori ya Tunduma. Huyo aliyekutumia ujumbe unamdai au anakudai?

BondeLaKilombero
😂😂 Kitonga panda ukiwa ndani ya basi, kiti cha dirishani.

FundiSpoki
Kijana, swali lako umelijibu mwenyewe pale ulipotaja gia, ila hakuna aliyeligusa. Hesabu ni hii. Gia 39 kwa 25, kila mzunguko mmoja wa pedeli unakusukuma kama mita 3.3. Mlima wa Soni kwa mtu wa Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 10 kwa saa, labda chini ya hapo. Maana yake miguu inazunguka mara hamsini kwa dakika, kila mzunguko unausukuma kwa goti, na utakaa hivyo zaidi ya saa moja na nusu. Goti halitakusamehe. Weka 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja unakuwa mita 2.2, miguu inazunguka sabini na zaidi, unapumua, unaangalia mto. Angalia kwanza kama mkono wa nyuma wa gia, ule unaohamisha cheni, unameza 32, mifupi mingi haimezi, utabadilisha na mkono pia na cheni. Si gharama ndogo, lakini ni ndogo kuliko goti.

Kuhusu kushuka, Kona anasema kweli ila dawa ipo. Rimu ya alumini inakubali, ya kaboni usiipeleke huko. Usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, hewa ipoze rimu, bana tena. Ukibana kidogo kidogo njia nzima rimu inachemka, na tyubu yenye kiraka cha solusheni inaachia kiraka chake kwa joto. Weka tyubu mpya zote mbili, viraka ni vya Bagamoyo. Mpira wa breki ukisikia unakwaruza, simama uutoe punje za alumini kwa ncha ya kisu. Ukisikia harufu ya kuungua kabla ya Mombo, kaa chini ya mti dakika kumi.

DadaWaMagamba
Niongeze kitu ambacho kaka zangu wamekiruka. Ukipanda Mombo–Lushoto ukitegemea msitu utauliza uko wapi. Miteremko ile imelimwa, ni mahindi, migomba na maharage mpaka kwenye ukingo wa lami. Msitu wenyewe ni Magamba, juu ya mji. Kwa hiyo fika Lushoto, iache baiskeli nyumba ya wageni, chukua boda hadi Magamba, lipia kiingilio, pata mwongozaji, ingia kwa miguu. Kuna miti ya mikulo mikubwa ya kukutosha na mbega weusi kwa weupe. Kurudi pitia shamba la Irente ule mkate wao mweusi na jibini, halafu keti pale kwenye mwamba uangalie nyika ya Mkomazi chini.

Agosti baridi. Asubuhi ukungu unakaa mpaka saa tatu, na mtu aliyepanda kwa jasho akishuka na fulana mbichi anatetemeka mpaka hendo inatikisika. Beba jaketi la upepo na glavu za vidole vyote. Wadada wanaosoma hapa: nimepanda peke yangu, shida niliyopata ni watoto kunikimbilia wakitaka kusukuma. Nawaachia wasukume.

MsambaaWaSoni
Dada umemaliza. Na kuhusu kushuka: ondoka Lushoto saa moja na nusu hadi saa mbili, mabasi ya Dar ya alfajiri yameshapita na malori ya mboga bado yanapakia.

KonaKali
Hapo nakubali. Kwa saa hizo, na tyubu mpya, hata mimi nashuka.

TairiNyembamba
Basi ni Lushoto. Baiskeli naiweka kwenye buti la basi mpaka Mombo, nalala hapo, napanda saa kumi na mbili kabla jua halijaingia korongoni. Siku mbili juu, moja ya Magamba, kisha nashuka kwa ratiba ya Msambaa. Kilombero nitaihifadhi ya Juni, kabla miwa haijashika kasi. Fundi, mkono wangu wa gia ni mfupi, nimeupima jana. Kariakoo naweza kupata mrefu uliotumika, au niulizie Mwenge?

FundiSpoki
Kariakoo, ila nenda na wako mkononi mlinganishe. Na cheni usinunue mpaka mkono uwe umefungwa, urefu wake unapimwa juu ya sahani kubwa zote mbili, ya mbele na ya nyuma.