Tupeane uzoefu: chuo kidogo cha sanaa huria au chuo kikuu chenye jina, Marekani

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ana barua mbili za udahili, zote za Marekani. Moja ni ya chuo kidogo cha sanaa huria ("liberal arts", yaani masomo mapana ya sayansi, jamii na lugha, si sanaa pekee) chenye wanafunzi kama elfu mbili, nyingine ni ya chuo kikuu ambacho ukikitaja popote hakuna anayeuliza kiko wapi. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei. Nyumbani wamegawanyika, na wengi wanaobishana hawajasoma huku wala kule. Naomba waliopita wenyewe waseme.

Naanza mimi, niliyesoma baiolojia chuo kidogo. Vyuo hivi, yaani Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona, Grinnell na wenzao, karibu nguvu yote wanaiweka kwenye shahada ya kwanza. Profesa mwenye utafiti hana mwanafunzi wa uzamivu wa kumfanyia kazi, kwa hiyo anakutafuta wewe. Likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa kwanza nililipwa kukaa maabara na nzi wa matunda: kuwalaza kwa kaboni dioksaidi, kuwapanga kwa brashi ndogo chini ya hadubini, wenye macho mekundu huku, wenye macho meupe kule. Profesa alikaa kiti cha pembeni. Nikisita kati ya dume na jike, anainama, anatazama, ananionyesha. Barua yake ndiyo iliyonifikisha uzamivu, kwa sababu aliandika aliyoyaona kwa macho yake.

Thomas Cech, aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1989, alihitimu Grinnell. Jennifer Doudna, aliyeipata mwaka 2020, alihitimu Pomona. Na ukipima kwa uwiano wa wahitimu, Swarthmore, Reed na Carleton vimo kati ya vinavyoongoza Marekani kwa kutoa watu wanaofika shahada ya uzamivu. Anayesema chuo kidogo kitamfungia mtoto njia ya sayansi, sikubaliani naye hata kidogo. Karibuni.

Kompyuta Tu
Dada, asante kwa uzi. Mimi nilisoma kompyuta chuo kikuu kikubwa cha umma, kwa pesa za mdhamini, na ningeambiwa nichague tena ningekwenda kulekule. Mwaka wa tatu kozi za kawaida zilikuwa zimeniishia, nikaingia darasa moja na wanafunzi wa uzamivu kusoma kriptografia, yaani elimu ya kuficha taarifa kwa hesabu. Idara yenye walimu saba au wanane haiwezi kufundisha kozi kama hiyo kila mwaka. Na msimu wa ajira makampuni yanajipanga uwanjani yakikusubiri.

Ila mdogo wako ajue haya. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu zaidi ya mia tano. Anayesahihisha kazi zako na kukujua kwa jina ni mwanafunzi wa uzamili anayeongoza kikundi cha mjadala. Wiki za mwanzo nilikuwa nakwenda ofisini kwa profesa saa za kuonana na wanafunzi, nakuta hakuna mtu. Wiki ya mtihani foleni inafika kwenye ngazi. Asiyezoea kubisha hodi anaweza kumaliza miaka minne bila profesa hata mmoja wa kumwandikia barua.

Kingine, kukubaliwa chuoni si lazima iwe kukubaliwa kwenye fani. Baadhi ya vyuo vikubwa vina mchujo wa pili kwa fani zinazogombewa kama kompyuta. Aulize sasa, ajibiwe kwa maandishi.

Baba wa Wawili
Kwetu tatizo lilikuwa jina. Binti yangu alimaliza chuo kidogo kizuri sana. Idara za uzamili za Marekani zinavijua vyuo hivi vizuri, lakini alipoanza kuomba kazi nje ya Marekani, ofisa ajira mmoja baada ya mwingine hakuwa amekisikia. Kama mpango ni kurudi na kuanza kazi mara tu baada ya shahada ya kwanza, jina lina uzito, tusidanganyane.

Mkokotoaji
Mzee wangu Baba wa Wawili, nakuunga mkono kwa hilo, lakini kwenye kipato hali ni tofauti na inavyodhaniwa. Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliokubaliwa na kukataliwa na vyuo vinavyofanana, kisha wakachagua tofauti. Kwa wengi wao, kwenda kwenye chuo kilichokuwa kigumu zaidi kuingia hakukuongeza mshahara. Waliofaidika ni waliotoka familia za kipato cha chini. Na tukumbuke Williams au Swarthmore navyo ni vigumu kuingia, kwa hiyo wanaoviweka upande wa "vyuo vya kawaida" wanakosea hesabu tangu mwanzo.

Jambo ambalo wengi hawaulizi ni viza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12 baada ya kuhitimu. Fani zilizo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zinaongezewa miezi 24. Uchumi unaweza kuwa ndani au nje ya orodha hiyo, kutegemea chuo kimeusajili kwa namba gani. Vyuo kadhaa, vidogo kwa vikubwa, vimeusajili kama ekonometriki, yaani uchumi wa hesabu na takwimu, ili uingie. Mdogo wako akitaka uchumi, hili ni la kuuliza kabla ya kutazama majina.

Fundi Mitambo
Akitaka uhandisi awe makini. Kati ya vyuo vidogo, Swarthmore, Smith na Harvey Mudd wanao wenyewe. Vingi vilivyobaki vinakupa mpango wa miaka mitatu chuoni na miwili kwenye chuo kikuu kingine, unatoka na shahada mbili. Nilianza mpango huo nikaugeuza kuwa fizikia, maana ufadhili wa miaka miwili ya mwisho hauko mikononi mwa chuo cha kwanza.

Msomaji wa Usiku
Mimi niongelee maisha. Mji wa chuo changu ulikuwa na barabara moja ya maana, na theluji hadi Aprili. Ukikosana na mtu mnakutana naye bwaloni asubuhi, mchana na jioni. Weusi tulikuwa wachache kiasi cha kujuana wote, na kuna siku hilo lilinichosha sana. Kama chuo kidogo kina majirani, hali inabadilika: Pomona inapakana na vyuo wenzake vya Claremont, na Amherst imo kwenye muungano wa vyuo vitano, unapanda basi kwenda kusoma kozi kwa wenzenu.

Lakini siwezi kusahau darasa la watu wawili, kama yale ya Williams. Wiki hii unasoma insha yako, mwenzako anaikosoa, profesa anasikiliza. Wiki ijayo mnabadilishana. Hakuna pa kujificha, na sijawahi kufikiri kwa bidii namna ile.

Mleta uzi
Nashukuruni sana. Niongeze kwamba chuo kidogo kimempa ufadhili karibu wote, chuo kikuu kimempa kama nusu. Anataka hisabati, na ni mtu mkimya.

Bahari Shwari
Mkimya, hisabati, ufadhili karibu wote? Mimi ningempeleka chuo kidogo bila kusita. Asilinganishe ufadhili, alinganishe pesa inayobaki kulipwa, akiweka bima ya afya, vitabu, nauli, na likizo ambazo mabweni yanafungwa. Kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo asiitegemee kuziba pengo kubwa. Kama moyo bado uko kule kukubwa, aandike ofisi ya ufadhili aombe hesabu ipitiwe upya, aambatanishe barua ya chuo cha pili na nyaraka za kipato cha wazazi. Baadhi ya vyuo vinakubali, vingine vinakataa kwa adabu. Aandike wiki hii, kabla hajalipa pesa ya kushikilia nafasi popote.