Tupeane uzoefu: Maswali, ukanushi na nyakati za Kiingereza kwa wanafunzi wanaozungumza Kiholanzi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Utrecht, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanangu na watoto wa majirani katika somo la Kiingereza. Najua humu tupo wengi tunaolea watoto Uholanzi na Ubelgiji, na wengine mnafundisha kabisa. Naomba kila mmoja aeleze kisa alichokishuhudia mwenyewe kuhusu vitenzi vya Kiingereza vinavyowasumbua wazungumzaji wa Kiholanzi, pamoja na njia aliyoitumia kumwelewesha mwanafunzi.

Naanza mimi. Watoto wa hapa hukisikia Kiingereza mapema, kwa kuwa filamu za kigeni katika televisheni huwekewa maandishi ya tafsiri na sauti huachwa ilivyo, na somo lenyewe ni la lazima katika shule za msingi tangu 1986. Msamiati wanao. Shida hujitokeza mtoto anapotaka kuuliza au kukanusha, kwa sababu Kiholanzi huuliza kwa kukipeleka kitenzi chenyewe mbele ya kiima: "Je woont hier" ni unaishi hapa, na "Woon je hier?" ni swali lake. Ukanushi nao huhitaji neno "niet" tu. Binti wa jirani yangu, mwenye miaka 11, alikuja na daftari lililojaa wino mwekundu, ameandika "Where live you?" na "I know it not", na hakuna aliyemweleza kosa liko wapi.

Nilimfundisha kwamba Kiingereza humwita msaidizi, yaani "do", ndipo kiulize au kikanushe. Akaelewa, lakini wiki iliyofuata akaniletea "Did you went to school?" na "He doesn't works". Hapo ndipo Kiswahili kiliponiokoa. Nilimwandikia "nilifika" na chini yake "sikufika", nikamwonesha kwamba "-ku-" ilipoingia "-li-" iliondoka, na kwamba hakuna Mswahili asemaye "sikulifika". Wakati uliopita hubebwa mara moja tu. "Did" ikishaubeba, "go" haina mzigo. "Does" ikishaichukua ile "s", "work" hubaki kama ilivyo. Mtoto alichukua penseli akachora kikapu kichwani mwa "did", na "go" akaichora ikitembea mikono mitupu. Karatasi ile bado imebandikwa jikoni kwao, na tangu siku ile sijaliona tena kosa hilo katika daftari lake.

Mchangiaji kutoka Antwerpen

Ahsante mtoa mada. Huku Flanders, yaani sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kiholanzi, mtoto huanza na Kifaransa katika shule ya msingi, na Kiingereza hukikuta rasmi sekondari, ila mtaani amekwisha kukizoea. Kisa changu ni cha mama mkwe wangu, mtu mwema sana. Dada yangu alipokuja kutoka Mombasa, mama mkwe alimwandikia ujumbe kwamba tumealikwa chakula cha mchana, akaongeza: "You must not bring food." Dada alikuwa ameamka alfajiri kukanda unga wa mahamri, na yalikuwa mezani yakipoa, yamefunikwa kitambaa. Alipousoma ujumbe ule aliyatia yote kwenye jokofu bila kusema neno, akaamini kwamba chakula chake hakitakiwi katika nyumba ile.

Kwa Kiholanzi cha Flanders, "je moet niet" mara nyingi humaanisha "si lazima". Mama alikusudia kumpunguzia mgeni kazi. Uholanzi kwenyewe watu hutumia zaidi "je hoeft niet" kwa maana hiyo, kwa hiyo huenda ninyi wa huko hamlikuti sana kosa hili. Niliwaketisha wote wawili nikawaeleza: "You must not" ni "usilete", na "You don't have to" ni "si lazima ulete". Mama alishika kifua kwa mshtuko, akaomba yale mahamri yaletwe siku hiyo hiyo.

Mchangiaji kutoka Rotterdam

Mimi hufundisha watu wazima jioni, na nitasemea nyakati. Kosa lililoenea kuliko yote darasani kwangu ni "I have seen him yesterday". Mholanzi katika mazungumzo ya kawaida husema "Ik heb hem gisteren gezien", na umbo hilo lina kitenzi kisaidizi "heb" kinachofanana mno na "have", kwa hiyo hulihamisha lilivyo. Huwaambia wanafunzi kwamba palipo na neno la wakati uliokwisha kufungwa, kama jana au mwaka 2010, "have" haina nafasi.

Kosa la pili lilinifunza unyenyekevu. Wanafunzi huandika "I live here already ten years" badala ya "I have lived here for ten years", kwa sababu Kiholanzi hutumia wakati uliopo kwa jambo lililoanza zamani na linaloendelea: "Ik woon hier al tien jaar". Nilikuwa nikilisahihisha kwa kujiamini, hadi siku moja nilipoisoma barua yangu ya zamani ya kuomba kazi nikakuta nimeandika "I live here since 2009". Kumbe nasi husema "naishi hapa tangu 2009", na mtego ni ule ule. Tangu hapo huanza somo hilo kwa kuwaonesha sentensi hiyo yangu.

Naongeza pia kwamba mwanafunzi akishaizoea "do" huibandika kila mahali, akasema "Do you can swim?" Ni vyema kumwambia mapema kwamba "can", "must" na "be" hufuata njia ile ile ya Kiholanzi, kwa hiyo huko asibadili kitu.

Mchangiaji kutoka Den Haag

Kwetu nyumbani kuna lugha tatu, na swali la kukanusha ndilo lililotuletea taabu. Mwanangu wa miaka 7 alikwenda London kwa shangazi yake. Usiku shangazi alimuuliza: "Haven't you eaten?" Mtoto akajibu "Yes", kwa hesabu ya Kiswahili: ndiyo, sijala. Shangazi akaondoa sahani, mtoto akalala na njaa. Mama yake ni Mholanzi, na kwa lugha yake angejibu "nee" kama hajala, au "jawel" kama amekula, na hilo "jawel" halina neno lake moja katika Kiingereza. Siku hizi namtaka amalizie jibu kwa kitenzi kila mara: "No, I haven't" au "Yes, I have". Akikitaja kitenzi, hakuna anayemwelewa vibaya.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote, na kisa cha mtoto kulala na njaa kimenigusa sana. Binti yule wa jirani aliniuliza juzi kwa nini Kiingereza kinajitia taabu ya "do" wakati Kiholanzi hakiihitaji. Nilimfungulia Biblia ya Kiingereza ya 1611, mahali ambapo Kaini anaulizwa ndugu yake yuko wapi, naye anajibu "I know not". Alisoma mara mbili, kisha akasema kwamba hivyo ndivyo yeye alivyoandika. Nilimjibu kuwa kweli, lugha hizi mbili ni ndugu, na Kiingereza kiliwahi kuuliza na kukanusha kama Kiholanzi kabla ya "do" kuenea.

Limebaki moja ambalo sijalipatia dawa. Mwishoni mwa sentensi Mholanzi husema "hè?" kwa kila nafsi na kila wakati, kama sisi tunavyosema "sivyo?", kwa hiyo wanafunzi wangu humalizia kila kitu kwa "isn't it?", hata baada ya "You went home". Aliyefanikiwa kuwafundisha "didn't you?" bila kuwakaririsha orodha ndefu, naomba aeleze alianzia wapi.