Naombeni ushauri: simchukii, ila moyo umenyamaza

Binti_Busia: Shikamooni wakubwa. Niko Busia, upande wa Uganda, nauza vitenge. Nina mwenzangu, tunakaa pamoja mwaka wa nne. Hanipigi, hanywi. Lakini tangu mwezi wa nane nikimwona ni kama mpita njia. Usingizi umenihama. Mtu aweza kujilazimisha kupenda kwa nia tu, au yakiisha yameisha?

Mzee_Malaba: Mwanangu, mke wangu nilimwona mara mbili kabla ya ndoa, leo tuna wajukuu sita. Vumilia.

Dereva_Mbale: Wangu aliondoka nikiwa safari ya Juba. Nilirudi, hata sufuria hakuna!

Msomaji_Jinja: Dada, Rollo May, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi na nia mwaka 1969. Kwake, kinyume cha mapenzi si chuki, ni kutojali. Na mapenzi na nia vyote chimbuko lake ni kujali. Kwa hiyo nia pekee haiwezi kukuamrisha upende. Hebu jiulize kama bado unajali. Lakini mbona unauliza leo? Kuna tarehe?

Binti_Busia: Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ni Jumamosi ijayo, kwa wazazi wangu Masaka. Ameuza boda yake ili agharamie.

Mama_Wawili: Bambi! Boda si ndiyo riziki yake? Na wewe umeshafanya nini, nnyabo? Sema yote.

Binti_Busia: Nimelipia chumba Arua, miezi mitatu. Hajui. Msinihukumu, kule vitenge vinatoka, na mimi nataka tu kutulia nifikiri. Simkimbii.

Mama_Wawili: Anayetaka kufikiri hukaa chini ya mwembe. Hiyo ni kodi, umeshahama.

Konda_Iganga: Mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Boda, Arua, kwanjula, vyote wiki moja? Haya, jogoo wa muko, yaani wa kumpa kaka yako, mmeshanunua?

Binti_Busia: Kaka, natamani ingekuwa ya kutunga. Jogoo alinunuliwa wiki mbili zilizopita, kabla bei ya Krismasi haijapanda. Mwekundu, amefungwa kwenye mguu wa meza yetu. Anawika saa kumi usiku na mimi niko macho.

Konda_Iganga: Basi nisamehe, dada.

Msomaji_Jinja: Nani anamlisha?

Binti_Busia: Mimi. Juzi kamba ilimchubua mguu, nikaikata, nikamfunga kwa kipande cha kitenge. Mwenzangu alinikuta nimepiga magoti pale sakafuni. Akachuchumaa, akamshika mabawa hadi nikamaliza. Hatukusema kitu. Nililia baadaye, nikiwa bafuni.

Mzee_Malaba: Mwanangu, nilikujibu haraka. Huyo kijana mwambie habari ya Arua leo, kabla hajakodi gari la kwenda Masaka.

Mama_Wawili: Anza na ssenga wako, yaani shangazi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Binti_Busia: Nimempigia mara mbili, hapokei. Nafunga kibanda sasa. Mwenzangu yuko nyumbani.